Goti la Falcao, 2014 hadi 2017: uchambuzi wa kisa

Mipaka ya kisa

Kisa hiki kinamhusu Radamel Falcao García, mshambuliaji wa Kolombia. Kinaanzia usiku wa 22 Januari 2014, kano ya goti lake la kushoto ilipochanika, na kuishia Mei 2017 alipobeba ubingwa wa Ufaransa akiwa nahodha wa Monaco. Yeye mwenyewe hafichiki, kwa sababu kila hatua aliyopiga ilitangazwa. Wengine tumewafuta: beki aliyegongana naye, klabu ya beki huyo na madaktari waliomhudumia. Beki hasa ana sababu nzuri ya kuachwa apumzike, na tutaifikia.

Kwa kawaida kisa hiki husimuliwa kama msiba wa mchezaji aliyekosa Kombe la Dunia. Kwa maoni yetu, sehemu hiyo ndiyo iliyoendeshwa vizuri kuliko zote. Mambo yaliharibika Agosti na Septemba mwaka huohuo, wakati kila mtu alishaanza kuvuta pumzi.

Usuli

Alizaliwa Santa Marta, kwenye pwani ya Karibi ya Kolombia, tarehe 10 Februari 1986. Baba yake alikuwa beki wa kulipwa, na alimpa mwanawe jina la Falcão, kiungo wa Brazil aliyekuwa akimhusudu. Mtoto alianza mapema mno: 28 Agosti 1999, akiwa na miaka 13 na nusu, aliichezea Lanceros Boyacá katika daraja la pili la Kolombia. Mwaka 2001 akahamia Buenos Aires kulelewa na River Plate, na 2005 akapanda timu ya wakubwa na kuanza kwa kishindo cha mabao.

Hapo kuna jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Mwishoni mwa 2005 goti lake la kulia liliumia. Januari 2006, timu ikijiandaa na msimu, liliumia tena, safari hii vibaya zaidi, na akakaa nje miezi mingi. Kwa hiyo alipofika Ulaya tayari alikuwa na goti moja lenye historia. Weka hilo akilini, litarudi kwenye vipimo.

Porto walimchukua 2009. Msimu wa 2010/11 alifunga mabao 17 katika Europa League, rekodi ya mashindano hayo kwa msimu mmoja wakati huo, likiwamo bao pekee la fainali ya Dublin dhidi ya Braga. Akaenda Atlético Madrid, na Mei 2012 akafunga mawili kwenye fainali nyingine ya Europa League, 3-0 dhidi ya Athletic Bilbao. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo Chelsea wakala mabao matatu yake kwenye Super Cup ya Ulaya iliyokwisha 4-1. Mwaka 2013 Monaco, waliokuwa ndio kwanza wamepanda daraja, walimnunua kwa ada iliyotajwa kuwa karibu euro milioni 60. Katika timu ya taifa alifunga mabao 9 kwenye mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 2014. Mawili kati ya hayo yalikuwa penalti katika ile sare ya 3-3 na Chile mjini Barranquilla, Oktoba 2013, Kolombia wakitoka nyuma 0-3. Sare hiyo ndiyo iliyowapeleka Brazil, mara ya kwanza tangu 1998.

Jambo la kiufundi ndilo linalobeba uzito hapa. Falcao si mrefu, ana takriban sentimita 177, lakini mabao yake mengi ni ya kichwa au ya mguso mmoja ndani ya boksi. Mchezaji wa namna hiyo hamwachi beki kwa mbio ndefu. Anaishi kwa hatua mbili za mwisho: kufunga breki ghafla, kugeuza mwelekeo, kisha kuruka kwa mguu mmoja huku bega la beki likimsukuma. Goti lililoshonwa hurudisha vitu hivyo mwisho kabisa. Winga anayependa nafasi ya wazi anaweza kurudi na kuonekana mzima kabla ya muda. Namba tisa wa aina hii hana pa kujificha.

Usiku wa Lyon

Ilikuwa mechi ya Kombe la Ufaransa dhidi ya timu ya daraja la nne, iliyochezwa uwanja wa Gerland, Lyon. Monaco walishinda 3-0 na Falcao alikuwa ameshafunga. Kipindi cha kwanza kikielekea mwisho, aliingia na mpira eneo la hatari, beki akateleza kuufuata, na mguu wa kushoto wa Falcao ukanaswa chini. Alitolewa kwa machela.

Kilichochanika ni kano ya mbele ya ndani ya goti, ile ambayo kwenye vyumba vya timu inaitwa kwa kifupi ACL. Inazuia mfupa wa ugoko usiteleze mbele na inalinda goti lisizunguke ovyo mchezaji anapokata kona. Ikikatika haiungani yenyewe kwa kutegemewa, kwa hiyo mchezaji wa kulipwa karibu kila mara hupasuliwa. Falcao alipasuliwa siku tatu baadaye, 25 Januari, mjini Porto.

Beki yule hakuwa mchezaji wa kulipwa, mpira ulikuwa wa jioni baada ya kazi yake ya mchana. Baada ya mechi alipokea vitisho vya kuuawa. Mwenye timu kubwa akisoma haya ajue: mchezaji wako akiumizwa na mtu wa ridhaa, taarifa ya kwanza ya klabu, usiku huohuo, iseme wazi kwamba ni ajali ya mchezo. Ukisubiri vipimo vya hospitali, mitandao itakuwa imeshahukumu.

Wiki 18 na siku 2

Mechi ya kwanza ya Kolombia Brazil ilikuwa 14 Juni, dhidi ya Ugiriki. Kutoka siku ya upasuaji hadi siku hiyo ni siku 140, wiki 20 kamili. Orodha ya mwisho ya wachezaji 23 ilitakiwa mapema zaidi, tarehe 2 Juni, yaani wiki 18 na siku 2 baada ya kisu.

Nini hutokea ndani ya goti katika muda huo? Kano mpya kwa kawaida hutengenezwa kwa kipande cha kano nyingine ya mgonjwa mwenyewe, kilichokatwa mbele ya goti au nyuma ya paja. Siku ya upasuaji kipande hicho ni imara. Kisha kinapoteza damu yake ya zamani, mwili unaanza kukijengea mishipa mipya, na katikati ya kazi hiyo kinakuwa dhaifu kuliko kilivyopandikizwa. Kipindi kibaya zaidi huwa kati ya wiki ya 6 na ya 12. Mtego wake ni kwamba ndio wakati ambao uvimbe umeisha, mgonjwa anatembea vizuri na anaanza kuuliza lini atapiga mpira.

Ratiba ya kawaida inakwenda hivi. Wiki mbili za kwanza ni kuondoa uvimbe na kunyoosha goti hadi mwisho. Goti likibaki limekunjwa hata nyuzi chache, mchechemeo utamfuata mchezaji msimu mzima. Hadi wiki ya 6 ni kutembea bila magongo, baiskeli isiyosogea na kuamsha msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao huwa umezimika kama taa. Kuanzia hapo hadi wiki ya 12 ni nguvu: kuchuchumaa, kupanda ngazi, mguu mmoja mmoja. Kukimbia kwa mstari ulionyooka huanza karibu wiki ya 12 hadi 16, kukata kona na kuruka baada ya hapo, na kugombania mpira na mtu mwingine huja baada ya miezi 6 kwa aliyekwenda vizuri.

Linganisha na tarehe 2 Juni. Kwa ratiba hiyo, mchezaji wa wiki ya 18 ametoka kukimbia tu na ndiyo anaanza kona. Picha za mazoezi zinaweza kumwonyesha akipiga mashuti mazuri, na watu wakaamini. Shuti mbele ya kipa wa mazoezi halipimi goti. Linalolipima ni beki anayekujia kutoka upande usiomwona.

Uamuzi wa kocha

Kocha José Pékerman alimweka Falcao kwenye orodha ya awali ya wachezaji 30 katikati ya Mei, akamwita kambini Argentina, kisha 2 Juni akamwacha.

Kumweka kwenye orodha ya awali hakukumgharimu mtu nafasi, kulinunua wiki tatu za kumwangalia kwa macho badala ya kutegemea ripoti za simu. Kumwacha mwishoni kulikuwa na hesabu ya pili ambayo haikuzungumzwa sana. Kati ya washambuliaji waliosafiri, Carlos Bacca alikuwa na jeraha la paja, na hakuingia uwanjani hadi robo fainali. Kocha mwenye nafasi 23 anaweza kubeba mgonjwa mmoja. Wawili kwenye nafasi ileile ni kucheza kamari na mashindano ya mwezi mmoja.

Kilichofuata kinajulikana. Teófilo Gutiérrez na Jackson Martínez wakagawana kazi ya mbele, James Rodríguez akafunga mabao 6 na kuwa mfungaji bora wa mashindano. Kolombia wakawafunga Ugiriki 3-0, Ivory Coast 2-1, Japan 4-1 na Uruguay 2-0, wakatolewa na Brazil 2-1 kwenye robo fainali. Bacca, alipoingia hatimaye siku hiyo, ndiye aliyeangushwa ikapatikana penalti ya bao lao.

Hata hivyo, tusiuhukumu uamuzi kwa matokeo. Hata kama Kolombia wangetolewa kwenye makundi, wiki 18 zingebaki wiki 18.

Agosti: mlango uliofunguliwa mapema

Mwanzoni mwa Agosti Falcao alikuwa London akiifungia Monaco bao la kichwa dhidi ya Arsenal kwenye mechi ya kujiandaa na msimu. Ilikuwa wiki ya 27, miezi 6 na siku chache. Wiki moja baadaye alifunga penalti kwenye mechi ya kwanza ya ligi. Tarehe 1 Septemba, siku ya mwisho ya dirisha la usajili, akaenda Manchester United kwa mkopo: ada iliyotajwa ni pauni milioni 6, pamoja na chaguo la kumnunua kwa pauni milioni 43.5. Alicheza mara ya kwanza 14 Septemba dhidi ya Queens Park Rangers (QPR), wiki ya 33.

Miezi 9 tangu upasuaji ilikuwa inatimia 25 Oktoba. Namba hiyo hatukuichagua kwa kupenda. Utafiti uliofuatilia wanamichezo wa Norway na Marekani, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba kila mwezi mchezaji aliosubiri hadi kufikia miezi 9 ulipunguza kiwango cha kuumia goti tena kwa takriban nusu. Mwaka 2014 takwimu hiyo haikuwapo mezani, kwa hiyo hatumlaumu mtu kwa kutoisoma. Tunachosema ni kwamba kufikia wiki ya 33 mtu huyu alikuwa ameshabadili klabu, kocha, nchi, ligi na mfumo wa uchezaji, na mwezi wa tisa haujafika.

Kwa upande wa Monaco biashara inaeleweka. Klabu ilikuwa imebadili mwelekeo, James ameuzwa Real Madrid Julai, na mshahara wa Falcao ulikuwa mzigo mzito. Kwa upande wa mnunuzi, mkataba ulimweka mchezaji mahali pabaya: klabu inayolipa milioni 6 kwa msimu mmoja haina sababu ya kumjenga mtu polepole. Ikimjenga, faida inarudi kwa mwenye mali. Kama tungekuwa mawakala, tungetaka mambo mawili yaandikwe: msimu wa pili wa mkopo unaojifungua wenyewe akifikisha idadi fulani ya dakika, na mtaalamu wa viungo aliyemtoa hospitalini aendelee naye angalau hadi Desemba. Chaguo la milioni 43.5 lilipamba vichwa vya habari, ila kwa mguu halikufanya lolote.

Misimu miwili ya England

Manchester United: mechi 26 za ligi, mabao 4. Alianza 14, nyingine aliingia kutoka benchi. Oktoba alifunga dhidi ya Everton, kisha akaumia misuli ya mguu na kukosa wiki kadhaa. Louis van Gaal alikuwa akibadilisha mifumo, mara mabeki watatu, mara viungo wanne kwa umbo la almasi, na mbele kulikuwa na Rooney na Van Persie wanaotaka nafasi hizohizo.

Tukio moja linaeleza msimu mzima. Tarehe 9 Machi 2015 United walicheza na Arsenal kwenye Kombe la FA, Falcao akakaa benchi bila kuingia. Kesho yake alipangwa na vijana wa chini ya miaka 21 dhidi ya Tottenham, akatolewa dakika ya 72. Magazeti yaliandika aibu. Sisi tunaona kwamba dakika zile zilikuwa dawa sahihi, ila zilitolewa miezi sita baada ya wakati wake. Mechi mbili tatu za namna hiyo mwezi Septemba, bila kelele na bila kamera, zingempa kile ambacho mazoezi hayawezi kutoa: kupokea kiwiko mgongoni na kugundua kwamba goti limeshika.

Majira ya joto ya 2015 hayakumpa nafuu. Alikwenda Copa América, mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini, nchini Chile, Kolombia wakatolewa na Argentina kwa penalti 26 Juni bila yeye kufunga bao lolote la mchezo, na 3 Julai akatangazwa Chelsea kwa mkopo mwingine. Wiki moja kati ya mashindano na mwajiri mpya. Chelsea walianza msimu wakiyumba na José Mourinho akaondoka Desemba. Falcao alicheza mechi 10 za ligi, akafunga bao 1, dhidi ya Crystal Palace mwezi Agosti, kisha majeraha ya misuli yakamweka nje sehemu kubwa ya msimu.

Hapa ndipo wengi waliandika kwamba goti limemmaliza. Ukitazama kwa makini, goti la kushoto halikuwa tatizo tena. Lililokuwa likikatika ni misuli, na misuli ya mtu aliyetoka kwenye jeraha refu kisha akapewa dakika za kuokoteza, leo 20, Jumamosi sifuri, wiki ijayo 90, hukatika kwa urahisi.

Monaco tena

Mwaka 2016 hakuitwa kwenye Copa América Centenario ya Marekani. Kwa heshima ya mchezaji lilikuwa pigo, kwa mwili wake ilikuwa zawadi. Alirudi Monaco na kufanya maandalizi ya msimu akiwa na klabu atakayoichezea, na kocha Leonardo Jardim akampa unahodha.

Jardim alimjengea kazi inayolingana na mguu alionao, si ule wa Madrid. Mfumo ulikuwa 4-4-2. Bernardo Silva na Thomas Lemar pembeni, mabeki Djibril Sidibé na Benjamin Mendy wakipanda kumimina krosi, na mshambuliaji wa pili, mwanzoni Valère Germain kisha Kylian Mbappé, akikimbia umbali mrefu kuwavuta mabeki. Falcao alibaki kwenye mita 20 za mwisho. Matokeo: mabao 30 katika mashindano yote, 21 kati yake ya ligi kwa mechi 29. Timu nzima ilifunga mabao 107 ya ligi na kuwapokonya PSG taji.

Anayetaka kuona goti lililopona aangalie mechi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Manchester City, 21 Februari 2017. Falcao alifunga la kwanza la Monaco kwa kichwa cha kuruka. Baada ya mapumziko kipa akaokoa penalti yake. Dakika chache baadaye akabanana bega kwa bega na John Stones, akamshinda nguvu, akaunyanyua mpira juu ya kipa Willy Caballero kwa utulivu wa mtu anayejaza chumvi kwenye sufuria. Monaco walipoteza 5-3, lakini bao lile lilikuwa na vitu vyote vitatu: breki, bega la beki, mguu mmoja chini. Mechi ya marudiano, ambayo Monaco walihitaji ushindi, alikuwa na maumivu na Jardim hakumpanga. Walishinda 3-1 bila yeye, wakafuzu kwa mabao ya ugenini.

Tunachokitoa kwenye kisa

La kwanza ni kipimo. Timu nyingi humruhusu mchezaji akifikisha asilimia 90 ya nguvu za mguu wa pili: msuli wa mbele ya paja kwenye mashine, kisha kuruka mara tatu kwa mguu mmoja na kupima umbali kwa futi kamba. Kipimo hiki kina tundu. Miezi sita ya kutocheza hudhoofisha hata mguu mzima, kwa hiyo mtu anaweza kufikisha 90 ya kitu kilichopungua. Kwa Falcao tundu ni kubwa zaidi, kwa sababu mguu wa kulinganishia ndio ule wa 2006. Kinga ni rahisi na haina gharama: pima kila mchezaji miguu yote miwili kila mwanzo wa msimu akiwa mzima, andika kilo na sentimita, na siku akiumia mlinganishe na yeye mwenyewe wa jana.

La pili ni dakika. Tungegawa hivi kwa namba tisa anayetoka ACL: mechi mbili au tatu za timu ya akiba za dakika 45 hadi 60, kisha wiki nne za kuingia dakika ya 60 kwenye timu ya kwanza, kisha kuanza mara moja kwa wiki, bila kurukaruka kati ya sifuri na 90. Akivimba goti asubuhi baada ya mechi, anarudi hatua moja nyuma. Maumivu bila uvimbe yanavumilika, uvimbe haubishaniwi.

La tatu ni mpasuko kati ya klabu na taifa. Mwaka 2014 benchi la Kolombia liliona mbali kuliko klabu, jambo lisilo la kawaida, maana kwa desturi timu ya taifa ndiyo inayovuta na klabu ndiyo inayozuia. Pékerman alikuwa na tarehe moja isiyosogea na alilazimika kujibu swali kwa ndiyo au hapana. Klabu hazikuwa na tarehe kama hiyo, na kwa hiyo hakuna siku ambayo mtu aliketi na kuuliza kama mguu uko tayari. Uliingizwa tu kwenye dirisha la usajili.

Kombe la Dunia alilichezea 2018 nchini Urusi, akiwa na miaka 32. Dakika ya 70 mjini Kazan dhidi ya Poland, Juan Fernando Quintero aliupenyeza mpira kupita katikati ya mabeki, Falcao akaukuta akiwa mbioni na kuusukuma wavuni kwa nje ya mguu wa kulia, ule wa 2006.